Mrija wa Geiger: jinsi ya kuuchagua, kuuwasha na kuusoma

Wengi wanaotaka kununua kipima mionzi huanza na bei, kisha huuliza kama skrini yake inaonyesha mikrosivati, yaani kipimo cha mionzi ambayo mwili umepata. Hayo ni maswali ya baadaye. La kwanza ni hili: unatafuta mionzi ya aina gani, na inatoka kwenye kitu gani? Mrija, yaani kihisi kilicho ndani ya kipima, usipofaa kazi yako utakaa kimya mbele ya kitu chenye mionzi tele, na ukimya huo ndio hatari, maana utarudi nyumbani umetulia.

Mwongozo huu nimeuandika kwa fundi wa elektroniki, mwalimu wa fizikia, mnunuzi wa vyuma chakavu na yeyote anayejua kushika chuma cha kuchomelea risasi bila kujiunguza. Si lazima uwe umesoma fizikia ya chuo.

Mrija unafanyaje kazi

Ni silinda ya chuma, au ya kioo iliyopakwa kwa ndani tabaka jembamba linalopitisha umeme. Ndani kuna gesi kwa mgandamizo mdogo, mara nyingi neoni na agoni kidogo, na katikati umepita waya mwembamba. Waya unapewa chanya, ganda linapewa hasi, na kati yao kunakuwa na volti mia kadhaa. Mionzi ikipenya na kung'oa elektroni moja tu kwenye atomu ya gesi, elektroni hiyo huvutwa na waya kwa kasi, njiani inang'oa nyingine, nazo zinang'oa nyingine, mpaka mrija mzima unapitisha umeme kwa kufumba na kufumbua. Hiyo ndiyo "tik" unayoisikia. Bromini au klorini kidogo iliyochanganywa humo huuzima msukosuko, na mrija unakuwa tayari kwa tik inayofuata.

Hans Geiger na Ernest Rutherford walitengeneza kipimo cha mwanzo huko Manchester mwaka 1908. Mrija tunaoutumia leo Geiger aliutoa mwaka 1928 mjini Kiel, Ujerumani, akiwa na mwanafunzi wake Walther Müller. Halojeni (hiyo bromini au klorini) ziliingia miaka ya 1940, nazo ndizo zilizoufanya mrija udumu na uridhike na volti 400 hivi badala ya 1,000 na zaidi.

Shika jambo moja kabla hatujaendelea: mrija unahesabu tu. Tik ya mionzi dhaifu na tik ya mionzi mikali ni tik ileile. Mrija haujui nishati, haujui ni madini gani, wala haujui mwili wako umepata kiasi gani. Kila namba nyingine unayoiona kwenye skrini imepigwa hesabu na programu kutokana na tik hizo, na programu inaweza kuwa imeandikwa kwa ajili ya mrija mwingine kabisa.

Hatua ya 1: Jua unachokiwinda

Mionzi tunayoitafuta hapa ina aina tatu: alfa, beta na gama. Alfa husimamishwa na karatasi, na hewani haivuki sentimita chache. Ili mrija uione, lazima uwe na dirisha la ulanga, yaani mika, jembamba mno, na ulisogeze karibu kabisa na kitu. Beta hupenya mika kwa urahisi, na ile yenye nguvu hupenya hata ukuta mwembamba wa chuma. Gama hupita karibu kila kitu, ukiwemo mrija wenyewe: kati ya gama mia zinazopita ndani ya mrija wa kawaida, unaokamatwa ni mmoja hivi. Beta iliyofanikiwa kuingia huhesabiwa karibu yote. Kwa hiyo mrija uleule unaweza kuhesabu sana mbele ya kitu chenye beta nyingi na kuhesabu kidogo mbele ya chanzo cha gama ambacho kwa mwili ni kibaya zaidi.

Sasa linganisha na kazi yako. Mnunuzi wa vyuma chakavu anatafuta gama, kwa sababu chanzo kilichopotea huwa kimefichwa ndani ya chuma kingine. Si jambo la kubuni. Septemba 1987 mjini Goiânia, Brazil, watu wawili waliingia kwenye kliniki iliyohamwa, wakang'oa kichwa cha mashine ya tiba ya mionzi na kukiuza kwenye yadi ya vyuma. Ndani mlikuwa na sesiamu-137, unga unaong'aa samawati gizani. Ndugu na majirani waliitiwa kuutazama, wengine wakajipaka mwilini. Watu wanne walikufa na zaidi ya 100,000 ilibidi wapimwe. Mrija wa bei nafuu kabisa ungekipigia kelele kile kichwa kabla hakijapakuliwa.

Anayeokota mawe anataka beta na gama pamoja. Afrika Mashariki haijanyimwa mawe ya kupima: Mlima Mrima huko Kwale una thoriamu, fosfeti ya Minjingu mkoani Manyara ina urani kuliko udongo wa kawaida, Namtumbo kuna urani ya Mto Mkuju, na Katanga kuna Shinkolobwe, mgodi uliotoa sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya Marekani ya mwaka 1945. Anayekagua meza ya maabara kwa uchafu uliomwagika anahitaji dirisha la mika, hana njia ya mkato.

Halafu kuna vitu ambavyo mrija hauvioni kabisa, hata uwe wa bei gani. Mnara wa simu, microwave na Wi-Fi ni mionzi ya aina nyingine, isiyong'oa elektroni kwenye atomu. Kifaa chochote kinachodai kupima mnara wa simu na urani kwa kihisi kimoja kinakudanganya. Na ukikitoa kipima hiki hadharani jiandae kuulizwa:

"Fundi, hiyo mashine inatafuta dhahabu?"

"Hapana, mzee wangu. Dhahabu haina mionzi."

"Na zebaki nyekundu?"

Zebaki nyekundu, ile inayosemekana imo kwenye cherehani na redio za zamani, haipo. Mwambie mzee kwa upole, asije akamtajirisha tapeli.

Hatua ya 2: Chagua mrija

SBM-20 ndio ningemwambia yeyote aanze nao. Ni wa Kisovieti, silinda ya chuma cha pua yenye urefu wa sentimita 11 kasoro na unene wa kidole kidogo. Unafanya kazi kwa volti 400, unaona gama na beta yenye nguvu, hauvunjiki ovyo, na tabia zake zimeandikwa kila mahali, jambo ambalo kwa mtu anayejifunza lina thamani kuliko wepesi wa kuhisi. STS-5 ni ndugu yake mkubwa kwa umri. Unaweza kukaa mahali pake bila kubadilisha sakiti.

J305 na M4011 ni mirija ya kioo kutoka China, na ndiyo inayokuja na vifurushi vingi vya kujiundia vinavyouzwa mtandaoni. Volti zake zinakaribiana na za SBM-20. Inafaa, ila ina mambo mawili. La kwanza ni kioo, kikianguka basi. La pili ni mwanga: jua au taa kali vinaweza kuufanya mrija uhesabu visivyokuwepo. Ufungie ndani ya kasha jeusi, au uzungushie utepe mweusi wa umeme. Ukiona hesabu zinapanda kila ukisogea dirishani, usitangaze kwamba jirani ana urani.

Kwa alfa, tafuta mrija wenye dirisha la mika. LND 7317 ni bapa na mviringo, dirisha lake lina kipenyo cha milimita 45 hivi. Ndio uliotumiwa sana na watu waliojipimia wenyewe Japani baada ya ajali ya Fukushima ya Machi 2011. LND 712 ni mdogo, na dirisha lake lina milimita 9 tu. Yote miwili hutaka volti 500. SBT-10A ya Kisovieti ina eneo kubwa na hupatikana kwa waliotumia zamani. Bei ya mirija ya mika ni kubwa, na mika ni nyembamba kuliko karatasi ya sigara. Usiiguse kwa kidole, usiipulizie mdomo, usiifute. Ncha ya jani kavu ikiichoma, gesi imekwenda na mrija haukarabatiki.

Jihadhari na SI-3BG. Ni mdogo, rahisi, na wauzaji huutangaza kwa maneno matamu, lakini ulitengenezwa kwa viwango vikubwa sana vya mionzi. Nyumbani utaukalia saa nzima bila kusikia karibu kitu.

Unaponunua mrija uliotumika, mwombe muuzaji video ya mrija ukihesabu. Kutu kwenye ncha si tatizo, kubonyea ni tatizo.

Hatua ya 3: Mpe umeme anaoutaka

Mrija unataka volti nyingi lakini mkondo kiduchu. Vifurushi vya kujiundia vina sakiti ndogo inayopandisha volti 5 hadi 400 kwa koili, transista na diodi. Kati ya chanya ya sakiti hiyo na waya wa mrija lazima kuwe na rezista kubwa, megaohmu 4.7 hadi 10. Kwa SBM-20 kiwango kilichopendekezwa ni megaohmu 5.1. Iweke karibu kabisa na ncha ya mrija, si upande wa pili wa waya mrefu. Waya ulio kati ya rezista na mrija hujaa chaji kama kapasita, na kila tik humwaga chaji hiyo yote ndani ya mrija. Ukiwa mrefu, mrija unachoka mapema na tiki mbili zinaanza kuonekana moja.

Usichomelee risasi moja kwa moja kwenye ncha za mrija. Joto hulegeza muhuri na gesi huvuja polepole. Tumia vishikio vya fyuzi vya kuchomeka, na uangalie alama ya kujumlisha iliyogongwa kwenye ganda. Ukigeuza chanya na hasi mrija unaweza bado kuhesabu, lakini vibaya, na unajiharibu.

Hapa ndipo mafundi wazuri huteleza: kupima hizo volti 400. Unaweka mita ya kawaida, inaonyesha 210, unaanza kuzungusha skrubu ya kuongeza, na mrija unaungua. Mita haikukosea. Ukinzani wake wa ndani ni megaohmu 10, kwa hiyo kwa volti 400 inanyonya maikroampea 40, na sakiti ndogo namna hii haiwezi kuzitoa. Volteji huanguka pale unapogusa. Dawa ni kuweka rezista kumi za megaohmu 100 kwa mfululizo, jumla gigaohmu 1, kabla ya mita, kisha kuzidisha kila unachosoma kwa 101. Volti 400 zitaonekana kama 3.96. Usitumie rezista moja kubwa ya kawaida, maana ndogo za robo wati hazijatengenezwa kuhimili volti 400 peke yake. Mfululizo unagawana mzigo.

Umeme huu hauui ila unauma. Zima, subiri, kisha gusisha kapasita kwa rezista kabla ya kutia mkono.

Hatua ya 4: Tafuta uwanda

Kila mrija una eneo la volti ambamo kuongeza au kupunguza kidogo hakubadilishi hesabu. Hilo tunaliita uwanda. Chini yake mrija unakosa tik, juu yake unaanza kujilipukia wenyewe bila mionzi. Kwa SBM-20 uwanda huanzia karibu volti 350 na kuishia 475.

Kama sakiti yako ina skrubu ya kurekebisha, usiamini ilivyotoka kiwandani. Weka mrija juu ya kitu chenye mionzi kidogo isiyobadilika (hatua ya 6 itakuonyesha kipi), anza chini, volti 300 hivi, na panda kwa volti 20. Kila kituo hesabu kwa dakika tano na uandike. Kwanza hakuna kitu, ghafla hesabu zinaanza, zinapanda haraka, kisha zinatulia na kupanda taratibu mno. Umefika uwandani. Ukishaona volti 100 za utulivu usiendelee kupanda kwa ubishi wa kutaka kujua mwisho uko wapi. Mwisho ni mrija kuwaka mfululizo, na dakika chache za hali hiyo hula maisha yake. Simama kwenye theluthi ya kwanza hadi nusu ya uwanda. Kwa SBM-20 utajikuta kwenye 400 zilezile za karatasi ya maelezo, ila sasa unajua kwa nini.

Upande wa programu sina mengi. Tik inaingia kwenye pini ya kukatiza ya Arduino au ESP32 (bodi ndogo za kompyuta), unaongeza moja kila ikija, unaandika jumla kila dakika. Weka jumla ghafi kwenye kadi ya kumbukumbu. Mikrosivati unaweza kuzipigia hesabu hata mwaka kesho, lakini tik usizoziandika hazirudi.

Hatua ya 5: Jua kelele za kwako

Mionzi ipo kila mahali: kwenye udongo, kwenye tofali, kwenye mwili wako, na ile inayoshuka kutoka angani. Tik zake ndizo ninazoziita kelele. SBM-20 sehemu ya kawaida utahesabu tik 20 hivi kwa dakika, pengine 25. Pwani utapata pungufu kidogo kuliko nyanda za juu, kwa kuwa Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na hewa iliyobaki juu yake ya kuchuja mionzi ya angani ni chache kuliko ya Mombasa. Nyumba ya mawe ya itale itahesabu zaidi kuliko ya miti. Ndani ya ndege, kilomita 10 juu, hesabu huruka mara kadhaa, na hakuna kilichoharibika.

Tik haziji kwa mpangilio. Zitakuja tatu kwa mpigo, kisha sekunde saba kimya. Mgeni wa kifaa hiki huruka kila zikija tatu. Kanuni ni rahisi: ukihesabu tik kadhaa, shaka yako ni kipeuo cha pili cha idadi hiyo. Tik 25 zina shaka ya 5, yaani asilimia 20. Ukihesabu dakika kumi ukapata 250, shaka ni 16, asilimia 6. Tik 2,500, shaka ni 50, asilimia 2. Hakuna njia ya kununua uhakika isipokuwa kwa muda, au kwa mrija mkubwa zaidi.

Hesabu kelele za mahali pako kwa angalau saa moja kabla ya kupima kitu chochote. Kisha zihesabu tena kila unapohama chumba.

Hatua ya 6: Pima kitu cha kweli

Kitu bora cha kujifunzia kipo duka la pembejeo: mbolea ya MOP, yaani kloridi ya potasiamu, ile nyekundu au nyeupe inayowekwa kwenye mashamba. Kila gramu ya potasiamu, popote duniani, ina mitengano ya potasiamu-40 ipatayo 31 kwa sekunde. Haibadiliki leo wala miaka yako yote, si sumu ya mionzi, na wakulima huishika kila siku. Jaza kilo moja kwenye mfuko mwembamba wa plastiki, laza mrija juu yake ukigusana na mfuko.

Tuseme kelele za chumba kwa dakika moja ni 22, na juu ya mbolea unapata 30. Umeona mionzi? Hujaona. Tofauti ni 8, na shaka ya vipimo viwili kwa pamoja (kipeuo cha pili cha 22 jumlisha 30) ni 7. Rudia kwa dakika kumi kila upande: 220 na 300. Tofauti ni 80, shaka ni 23. Sasa tofauti imezidi shaka mara tatu na nusu, na unaweza kumwambia mtu umeiona bila kuona haya. Mbolea ni ileile, chumba ni kilekile. Kama tofauti haijafika mara tatu ya shaka, endelea kuhesabu au nyamaza.

Ndizi nazo zina potasiamu, na kila mtu huzitaja. Achana nazo, kiasi chake ni kidogo mno kwa mrija wa nyumbani.

Karabai ni jambo jingine. Kile kitambaa cheupe kinachowaka katikati ya taa kilikuwa zamani kinatengenezwa kwa thoriamu; vingi vya siku hizi havina. Ukikipata cha zamani stoo ya babu, kikiwa bado kwenye pakiti yake, mrija utalia waziwazi. Kipime kikiwa ndani ya pakiti na usikitoe, sembuse kukiwasha. Hatari yake haiko nje bali kwenye vumbi unalolivuta puani. Hali kadhalika saa za kale zenye namba zinazong'aa zenyewe gizani bila kuwekwa kwenye mwanga: zipime juu ya kioo, usizifungue, zinaweza kuwa na radiamu, elementi yenye mionzi. Na king'ora cha moshi cha zamani chenye amerisiamu-241 kikae dari kilikofungwa. Atakayekuambia ukivunje upate chanzo cha majaribio, usimsikilize.

Jaribio ninalolipenda halihitaji kununua kitu isipokuwa puto. Lipulize, lisugue kwenye nywele kavu mpaka lishike ukuta, kisha litundike kwa nusu saa katika chumba kilichofungwa, cha chini kadiri iwezekanavyo. Umeme tuli huvuta watoto wa gesi ya radoni walio hewani, yaani chembe zenye mionzi zinazobaki atomu za gesi hiyo zikivunjika. Litoe upepo, likunje, liweke kwenye mrija, na uandike hesabu kila dakika tano. Zitaanza juu na kushuka hadi nusu kwa muda wa nusu saa na zaidi kidogo, kwa sababu risasi-214 hubaki nusu kila baada ya dakika 27 na bismathi-214 kila dakika 20. Wanafunzi wakichora mstari huo wenyewe hawausahau. Nyumba za pwani zenye madirisha wazi usiku kucha hazitakupa kitu. Tafuta stoo ya saruji isiyofunguliwa mara kwa mara.

Ukikuta kitu kinachohesabu sana, jua ni mionzi gani kwa kukinga. Kwanza weka karatasi kati ya kitu na mrija wenye mika: hesabu zikianguka, kulikuwa na alfa. Kisha weka bati la aluminiamu la milimita 3: kinachoondoka hapo ni beta. Kinachobaki ni gama. Umbali usibadilike hata kidogo kati ya kipimo na kipimo, vinginevyo unajidanganya.

Hatua ya 7: Mikrosivati, kwa tahadhari

Kugeuza tik kuwa mikrosivati kwa saa, programu huzidisha hesabu za dakika kwa namba ya mrija. Kwa SBM-20 inayotumika sana ni 0.0057, kwa M4011 ni 0.0065, na kwa J305 ni 0.0081. Fungua msimbo wa kifaa chako uone imewekwa ipi. Tik 30 kwa namba ya SBM-20 ni 0.17, kwa ya J305 ni 0.24. Kifaa kimoja, tik zilezile, na majibu yanayopishana kwa asilimia 40 kwa sababu mtu alinakili msimbo bila kusoma.

Hata namba ikiwa sahihi, ni sahihi kwa gama ya sesiamu-137 au kobalti-60 tu. Kwa gama dhaifu, kama ya amerisiamu au eksrei, mrija usio na kinga maalumu huhesabu mara kadhaa zaidi ya inavyopasa. Kwa beta ya mbolea au ya thoriamu mikrosivati hizo hazina maana kabisa. Juu ya mfuko wa MOP, sema "hesabu 30 kwa dakika juu ya kelele za 22" na uishie hapo.

Kwa kukadiria gama ya mahali, sawa. Sehemu nyingi duniani ni kati ya 0.05 na 0.2. Mikrosivati 0.1 kwa saa mwaka mzima ni karibu milisivati 0.9, na wastani wa mtu duniani, radoni na chakula vikiwemo, ni milisivati 2.4. Kikomo kwa raia, juu ya hiyo ya asili, ni milisivati 1 kwa mwaka. Ukitaka namba ya kuweka kwenye barua rasmi, kifaa cha kujiundia hakifai. Peleka kifaa kwenye maabara ya ulinganishaji. Kwa Tanzania maabara ya Tume ya Nguvu za Atomu iko Arusha.

Ikilia kupita kiasi

Baada ya kila tik mrija huzimia kidogo. SBM-20 huzimia mikrosekunde 190 hivi, yaani sehemu 190 za milioni za sekunde. Tik 100 kwa sekunde, unapoteza asilimia 2, si neno. Ukisoma 1,000 kwa sekunde, ukweli ni karibu 1,235. Juu zaidi, mrija unashindwa kuzinduka na hesabu zinaanza kushuka huku mionzi inapanda, mpaka kimya. Kipima kilichokuwa kinalia kama mvua juu ya bati kikinyamaza ghafla unaposogea, usisogee tena mbele. Geuka. Kwenye kinu cha nyuklia cha Chernobyl, usiku wa ajali wa tarehe 26 Aprili 1986, vipimo walivyokuwa navyo wafanyakazi viliishia rontgeni (kipimo cha zamani cha mionzi) 3.6 kwa saa, na namba hiyo ya ukomo ikapelekwa juu kana kwamba ndiyo hali yenyewe.

Ukiwa yadi ya vyuma na hesabu zikazidi kelele mara tatu au nne hata baada ya kurudia: simamisha upakuaji, ondoa watu, usikate wala kufungua chochote. Ukiongeza umbali mara mbili kiwango kinashuka hadi robo, kwa hiyo hatua kumi za kurudi nyuma ni kinga bora kuliko ukuta wa bati. Aliyeshika mzigo anawe mikono na asile kitu kwanza. Kisha piga simu kwa mamlaka: Tume ya Nguvu za Atomu kwa Tanzania, KNRA kwa Kenya, Baraza la Nishati ya Atomiki kwa Uganda. Waambie hesabu, aina ya mrija, na umbali uliposimama.

Matatizo ya kila siku

Hesabu zinapanda jioni na asubuhi zimeshuka: ni unyevu. Pwani hewa ya chumvi hulala juu ya bodi, na kwa volti 400 hata alama ya kidole hupitisha umeme. Safisha bodi kwa spiriti safi na brashi ya meno, ikauke kabisa, kisha paka vanishi ya bodi sehemu ya volti kubwa. Usipake vishikio.

Hesabu zinaruka simu ikiita karibu: kinga haitoshi. Fupisha nyaya na ufungie sakiti kwenye kasha la chuma lililounganishwa na hasi.

Kimya kabisa: pima volti kwa ile njia ya gigaohmu 1 kabla ya kuulaumu mrija. Mara tisa kati ya kumi ni kishikio kilicholegea au betri.

Hesabu zinakuja mfululizo, mamia, popote ulipo: punguza volti. Zisipotulia hata volti zikiwa chini ya uwanda, rudia hatua ya 4. Mrija wa halojeni mzima huishi miaka mingi, na SBM-20 za miaka ya 1980 bado zinahesabu vizuri. Lakini uwanda uliokuwa volti 100 ukiukuta umebaki 40, mrija huo ni wa kubadilisha.